Beseni ya Maji ya Papa Godefroid

Ba papa na ba mama, ndugu wa parokia, majirani wa Makomeno, familia inawaomba masikio kidogo, tuwaambie njia aliyopita marehemu Godefroid Kalaba, na tutaisema kama ilivyokuwa, pamoja na mashimo yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda mutu asifu gari asiyoiendesha.

Alizaliwa Sakania tarehe 14 mwezi wa tatu 1962, mutoto wa tatu wa mufanyakazi wa reli, akasoma shule ya musingi kule kule toka 1968 hadi 1974, kisha akaja Lubumbashi kujifunza ufundi wa magari, akapata diploma tarehe 2 mwezi wa saba 1981. Alitumika kwenye reli hadi 1994, na toka 2003 akaajiriwa na garaji moja ya hapa mujini inayouza kamionete mupya za mazuti, zile gari ndogo za kubeba mizigo za dizeli, kazi yake ikiwa kuzipitisha katika njia mbaya za upande wa Kinsevere, na kutia sahihi kwenye karatasi kwamba zinafaa.

Tarehe 6 mwezi wa nane 1988 alifunga ndoa na Mama Madeleine Katongo, na Mungu akawapa watoto watatu, Fils, Estelle na Léa, huyu Léa akiwa ndiye pekee aliyerithi mikono yake ya kuendesha, na ndugu zake wamekubali, hata kama kwa shida.

Hatutaficha hili. Mwezi wa nane 2016, katikati ya kipwa, wakati mvua hainyeshi na udongo ni mukavu, alipima kamionete moja ikiwa tupu, kwa sababu patroni, mwenye garaji, hakutaka ipate mikwaruzo, ikapanda vilima kama mbuzi, akatia sahihi, ikauzwa kwa maternite, nyumba ya kuzalishia, ya kijiji kimoja ng'ambo ya Kinsevere. Tarehe 9 mwezi wa kwanza 2017, wakati wa mvua, ilimubeba Marceline Mwansa mwenye uchungu wa kuzaa kumupeleka hospitali, pamoja na ndugu zake na mizigo, uzito ukaishusha, tumbo la gari likakalia udongo, magurudumu yakazunguka bure muda wa saa ine, na mutoto akafia njiani. Hakuna aliyemushitaki Papa Godefroid, lakini sahihi ilikuwa yake, akaenda na muke wake kuomba musamaha, akaketi chini akalia, na Marceline akamwambia kwamba machozi hayavuti gari kwenye matope, akapime muzuri ile itakayofuata.

Toka siku ile hakupima tena gari tupu, wala wakati wa kipwa, alipakia mifuko kumi na miwili ya unga, akamuketisha Mama Madeleine nyuma juu ya godoro, mahali pa mama mwenye uchungu, beseni ya maji kwenye magoti, na maji yakimwagika zaidi ya nusu, hatii sahihi. Masikini Mama, alirudi ameloa mara nyingi hata majirani wakauliza kama garaji ile inauza gari ao inabatiza. Mwaka 2024, figo zikiwa zimeanza kumusumbua, alikataa kamionete mbili mfululizo zilizotakiwa kupelekwa maternite ile ile, patroni akatishia kumufukuza, naye akamwambia afukuze tu. Ya tatu, tarehe 11 mwezi wa tatu 2025, tumbo likiwa juu, magurudumu yote mane yakivuta, ilivuka matope na mizigo yake yote, beseni ikarudi karibu imejaa, akatia sahihi.

Tangu mvua za mwaka jana zianze, gari hiyo imefikisha hospitalini akina mama ishirini na watatu bila kuacha hata mumoja njiani, na tarehe 11 mwezi wa kumi na mbili iliyemubeba alikuwa Marceline yule yule, akazaa mutoto muke, muzima kabisa, na habari ilipomufikia Papa kitandani, yeye aliyekuwa amekataa chakula siku tatu, aliomba bukari, ugali wetu. Alituacha tarehe 3 mwezi wa pili 2026, saa ine ya asubuhi, mukono wake ukiwa katika mukono wa Mama Madeleine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani walioleta kuni na unga, wenzake wa garaji, na patroni, ambaye hakumufukuza. Tunashukuru pia maternite iliyotuma kamionete ile imubebe hadi makaburini, Léa ataiendesha, na Mama Madeleine atakaa nyuma kando ya Papa, leo bila beseni. Papa, gari ulishaipima wewe mwenyewe, pumzika kwa amani.