Mama Gaëlle Nkulu, 1968–2025: Mwenye Kuuzisha Samaki Mbele Jua Ipande

Mama Gaëlle alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tano 1968 ku Kilwa, upande wa Kongo, mutoto wa tatu wa tata Blanchard Nkulu na mama Arlène. Alizaliwa na ngozi nyeupe ya albino. Batu bakakuja kuangalia. Mama yake akabaambia bakae, bakule, bamushukuru Mungu, kisha barudi kwabo.

Alisoma masomo ya msingi ku misioni mpaka mwaka wa sita. Macho yake haikuona mbali, basi mwalimu akamuweka mbele kabisa, na kutoka pale akasoma kwa sauti ya kupita ya mwalimu. Sauti ile tuliisikia sisi wote mu koro ya kanisa, akiimba.

Mu 1989 akavuka ziwa kuingia inchi ya ngambo, akaanza kuuzisha chisense, ile samaki ndogo, ku soko ya Kashikishi. Alinunua wakati mitumbwi inafika, akamaliza yote asubuhi, mbele jua ipande, na kofia yake ya majani kichwani. Wenzake bakamuuliza anakimbia nani. Akajibu: "Nakimbia ule mwenye kunipenda mpaka ananichoma."

Tarehe 6 mwezi wa nane 1994 akaolewa na ba Goodson Chalwe wa Mwansabombwe, fundi wa mitumbwi. Ba Goodson alikuwa na Kiswahili ya soko tu. Ndoa yote bakaiongea kwa hesabu ya samaki na kwa kucheka. Mungu akabapa Hervé na Nkandu.

Mu 2017 kidonda kikatoka ku shavu, karibu na sikio, kikakataa kupona. Banganga ba hospitali ku Mansa bakakata, bakasema ni kansa ya ngozi, mizizi imebaki, aende Lusaka kwa dawa ya mionzi. Mama akakataa.

"Jua ya bure imenikula shavu," akasema. "Sasa nipande bisi siku muzima kutafuta ingine?"

Ba Goodson akatafuta maneno yake yote. "Jua ya inje haina mwenye. Hii, munganga anafungula, anafunga."

Hakusikia. Miezi miwili ikapita. Ndipo Nkandu akazaa mutoto mwanamuke, Suzanne, na ngozi yake nyeupe sawa ya nkambo wake, bibi yake Gaëlle. Mama akamushika. Kisha akauliza: "Huyu, nani atamufunza jua?" Kesho yake akafunga mizigo.

Ilikuwa mionzi ya siku makumi mbili na tano. Siku ya kwanza alilala chini ya mashini, hakusikia kitu, mpaka akauliza kama bameanza, na balikuwa bameisha kumaliza. Banganga balimuchora alama ya wino ku shavu. Dada wa ba Goodson, Florence, mwenye alimupokea Lusaka, akaiona siku ya Mungu, akaona haifai kanisani, akaisugua yote na sabuni. Siku ya kwanza ya juma banganga bakachora upya. Kutoka pale Florence akawa mulinzi. Mutu akitaka kumukumbatia mama, anamusikia Florence: "Pole pole. Ile shavu ni ya serikali."

Juma la ine ngozi ikachubuka, hata uji ukauma, mama akalia anataka kurudi. Nkandu akatuma picha ya Suzanne ku simu. Akamaliza siku zote. Ikapona.

Kisha Mungu akamupa miaka saba. Alimufunza Suzanne kofia, mikono mirefu, mafuta ya jua, na kutafuta upande wa ukuta wenye kivuli. Kansa haikurudi. Ni presha ilimuangusha. Alilala hospitali siku mbili, akatuacha kwa utulivu tarehe 9 mwezi wa kenda 2025.

Ameacha bwana yake ba Goodson, Hervé na Nkandu, bajukuu wane, na wifi Florence.

Bengine bameuliza juu ya nini tunazika mapema hivi, umande ungali ku majani. Ni yeye aliagiza, ku kitanda cha hospitali: "Musinizike midi, jua ikiwa katikati. Mutamusimamisha Suzanne mu jua."

Mama Gaëlle, pumuzika mu kivuli ya Mungu.