Aliyezuia Harusi Yake Mlangoni mwa Kanisa la Ngomeni: Historia ya Marehemu Pierre-Claver Nduwimana

Ndugu waombolezaji, historia hii imeandikwa na mjane, Laetitia, na inasomwa na baba mzazi wa mjane huyo, mzee Elysée, ambaye ameombwa asiruke mstari hata mmoja.

Marehemu Pierre-Claver Nduwimana alizaliwa Gitega, Burundi, tarehe 3 Februari 1987, akasoma shule ya msingi na ya ufundi hukohuko, na mwaka 2010 kanisa lake lilimpeleka Falkenrode, mji mdogo wa milimani nchini Ujerumani, kujifunza uashi wa mawe, ambako kwa miaka sita alikarabati ngome ya kale iliyo juu ya kilima pamoja na kanisa lililomo ndani ya ngome hiyo. Huko alikutana na Laetitia, mwanafunzi wa uuguzi.

Ndoa yao ilipangwa kufungwa katika kanisa hilo Jumamosi tarehe 14 Mei 2016, lakini asubuhi ya siku hiyo marehemu alipanda kukagua ufa wa dari ya mawe, akakuta kipande cha kioo alichokibandika juu ya ufa huo, ambacho huvunjika mawe yakisogea, kimevunjika. Msimamizi wa kanisa alisema ni baridi tu, wageni mia moja na ishirini walikuwa wameshapanda kilima, na bwana harusi, akiwa ndani ya suti yake, alisimama mlangoni akakataza mtu yeyote asiingie, hata bibi harusi, hata mzee Elysée aliyetoka Bujumbura kuja kumkabidhi binti yake. Mzee alimwita mwoga anayetafuta sababu ya kukimbia ndoa, tena mbele za watu, akawanyima baraka, akamshika binti mkono wakateremka kilima. Dari haikuanguka siku hiyo. Iliporomoka tarehe 25 Mei, kanisa likiwa tupu, mzee akatumiwa picha, lakini baraka hakuitoa.

Baadaye marehemu alihamia hapa Durban, Afrika Kusini, kutafuta kazi, Laetitia akamfuata, wakafunga ndoa ya serikali tarehe 9 Machi 2018 bila mzazi yeyote upande wa mke, wakajaliwa Annick mwaka 2019 na Arnaud mwaka 2021. Waliishi Umbilo, naye alichonga mawe ya makaburi katika karakana moja ya eneo la Jacobs, hadi Oktoba 2024, ilipogundulika kwamba vumbi la mawe limeharibu mapafu yake.

Tarehe 10 Agosti mwaka huu wa 2025 mzee Elysée alifika hospitali kuomba msamaha, na marehemu, akisogeza barakoa ya oksijeni, alimjibu, "Papa, iko bien, iko sawa. Hata mie ile siku sikukuwa na hakika." Alifariki Jumanne tarehe 12, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Umbilo waliowalea watoto wiki nzima, na wafanyakazi wenzake, ambao wanamchongea jiwe lake bila kuombwa.

Karatasi ya Laetitia imeishia hapa. Mimi siku ile nilikuwa na hakika kabisa. Baraka niliyowanyima naitoa leo, mbele yenu na mbele ya wajukuu zangu, nimechelewa miaka tisa. Pierre-Claver, mume wa binti yangu, pumzika kwa amani.