Mvua ya Tarehe Kumi na Moja

Asiyetaka kuamini na asiamini, lakini tunayemzika leo alijua moshi wa moto wa msituni utaingia mtaa gani siku mbili kabla haujafika, na fundi wake mkuu alikuwa mpwa wake anayewasomea hapa, aliyeacha shule darasa la sita kwa kuona inamchelewesha.

Shangazi alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, nyuma ya kiwanda cha mbao, akahitimu chuo cha hali ya hewa mwaka 1979, na Julai hiyo akaajiriwa katika kituo cha kilimani, ambako kwa miaka thelathini na minane, wenzake wanasema, hakuandika hata tone moja la mvua ambalo halikunyesha, ingawa chumvi ya mchuzi ilimshinda kuipima.

Aliolewa tarehe 6 Juni 1984 na mzimamoto, ambaye alifia msituni tarehe 2 Oktoba 1991, upepo ulipogeuka bila mtu kuonywa. Hawakujaliwa mtoto, na tangu siku hiyo alipikia kisufuria kidogo, akala huku redio ikizungumza kwa niaba ya wote, kisha akaandika maombi ya fedha za utafiti, ili upepo na moshi wa moto vitabiriwe mapema, maombi kumi na saba, majibu yote yakisema yamepokelewa.

Mwaka 2016 wafadhili walikubali kuja kujionea. Msimu ule wote wa moto alitundika uani vitambaa vyeupe, kimoja kila siku, apate kulinganisha masizi yake na upepo wa siku hiyo, lakini wageni walipofika tarehe 12 Septemba walivikuta vyeupe pe, naye akawaambia taratibu, "Jana ilinyesha, imeviosha." Wakatazamana, wakaaga, na fedha hazikuja.

Aliugua mapafu kuanzia Januari 2023, akafariki tarehe 4 Agosti 2024, alfajiri, kwenye kitanda cha dirishani, baada ya kumwuliza muuguzi upepo unatoka wapi. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani mliompikia, na wenzake wa kituoni.

Ipo sehemu niliyoiruka. Siku moja kabla wageni wale hawajafika, haikunyesha. Vile vitambaa nilivifua mimi, kwa sabuni, nikavipiga pasi na kuvirudisha kambani, ili wageni waikute nyumba safi, nikajisifu mtaa mzima. Shangazi alijua, akaiandika mvua ile kituoni ili maneno yake yasimame, na hakunitaja hadi anaingia kaburini. Wenzake wa kituoni, lifungueni daftari lake la tarehe 11 Septemba, muifute.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Nimesema.