Kaunta Iliyohesabu Makaroni Yasiyokuwepo

Nyuma ya kiwanda cha makaroni, hapa Dire Dawa, ukuta hutupa kivuli tangu asubuhi mpaka saa sita, na ndani ya kivuli hicho kuna benchi la mbao zilizotoka kwenye reli ya zamani. Ni benchi la watu wenye maneno. Tewabech, mjane mwenye mikono myepesi, hutandaza majani mabichi chini, huweka ubani kando, kisha hupika buna, asubuhi na tena alasiri, na sheria yake kila mtu anaijua: kahawa hunywewa mara tatu. Ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu baraka, na anayeondoka kabla ya baraka asije akamlilia mtu. Jumanne hiyo fundi umeme wa kiwanda, Bezabih, ambaye wadogo zake wote wa mtaa humwita Gashe, kaka mkubwa, na kijiwe kikambatiza Ufunguo, alikaa na kikombe cha abol mkononi asikinywe. Ufunguo wa kabati la umeme ulining'inia shingoni mwake, mahali ulipokaa miaka kumi na tisa. Saa sita meneja angekuja kuuchukua.

— Kunywa, Gashe, — alisema Redio. Huyu ni dereva wa bajaji, jina lake halisi Lemessa, na hajawahi kuzimwa. — Kahawa haijakukosea. Iliyokukosea ni kaunta.

— Kaunta haikosei, — alisema Bezabih.

— Ndiyo hiyo inahesabu makaroni ambayo hayajazaliwa! Mji mzima unajua.

Mji mzima ulijua kwa sababu Redio aliutangazia. Wiki tatu nyuma Bezabih alifunga kaunta mpya kwenye mlango wa kabati la umeme, kisanduku kidogo chenye tarakimu nyekundu. Jicho lake likakaa kando ya mkanda: pakiti ikipita, moja, zikitimia ishirini na nne, mkanda unasimama na boksi linafungwa. Kazi safi. Lakini maboksi mengine yalianza kutoka na pakiti ishirini na mbili, na mabinti wa kupakia, watoto wa watu, wakawa wanapekuliwa mifuko getini kama wezi. Jambo hilo lilimuuma Bezabih kuliko ufunguo wenyewe. Au ndivyo alivyojiambia.

— Mimi nimeshaona mambo haya, — alisema Musyo. Mzee huyu alifanya kazi reli zama za Wafaransa, na mpaka leo hanywi kahawa bila kofia. — Treni ya zamani ilipita hapahapa chini ya miguu yetu. Ardhi haisahau. Inatetemeka kidogo, jicho linadhani pakiti imepita.

— Treni gani, Musyo? Ilikufa!

— Ndiyo maana huisikii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Kaunta ina guu?

— Itaota. Subiri.

Tewabech alicheka chinichini. Aliongeza maji kwenye jebena, birika lake la udongo, akairudisha juu ya jiko la umeme, akageuza swichi. Swichi ile ilikuwa kuukuu. Ikalia chaka-chaka, ikatoa cheche ndogo, ndipo koili ikaanza kuwa nyekundu. Aliiachia upesi, akajipangusa kidole kwenye gauni. Mara kule juu, kwenye dirisha la kiwanda, ikasikika sauti ya binti wa kupakia:

— Pungufu tena! Ishirini na mbili!

Bezabih alitoa daftari mfukoni na kuandika saa.

— Mara ya pili leo, — alisema. — Ya tatu itakuja kabla ya saa tano. Kila asubuhi mara tatu. Na alasiri mara tatu.

— Mara tatu? — Musyo alivua kofia, akapiga ishara ya msalaba. — Basi nyamazeni. Hiyo siyo hitilafu, ni Utatu.

— Utatu unakula makaroni?

— Redio, mdomo wako utakuponza.

— Sikiliza ya kwangu, — Redio alijisogeza mpaka ukingoni mwa benchi. — Hiyo mashine imetoka ng'ambo, siyo? Huko kwao mwaka una miezi kumi na miwili. Hapa kwetu, kumi na mitatu. Imefika hapa, imekuta mwezi mzima ambao haikufundishwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Inahesabu, inakuta siku zimezidi, inachanganyikiwa, inaongeza pakiti ili mambo yalingane!

Nadharia ile ilikuwa na uzuri wake.

— Mwezi wa kumi na tatu una siku tano tu, — alisema Musyo.

— Ndiyo maana inaongeza mbilimbili. Ingekuwa na siku thelathini, tungekosa makaroni Ethiopia nzima.

Redio alirusha mikono kwa ushindi, akaangusha kisahani cha bisi.

— Maji yakimwagika hayazoleki, — alisema Musyo kwa huzuni.

— Hizi ni bisi, Musyo. Zinazoleka. — Na Redio akaanza kuzizoa na kuzila.

Tewabech akamimina tona. Bezabih aliipokea, safari hii akanywa, maana hata mtu mwenye msiba ana koo.

— Shida yako wewe Gashe ni upole, — Redio aliendelea, mdomo umejaa. — Ingia sasa hivi, fungua kabati, kipige kofi kile kisanduku. Redio yangu ya bajaji nimeiponya hivyohivyo.

— Ufungue kabati lenye umeme ukapige kofi?

— Kofi moja. La mapenzi.

— Ndiyo maana ufunguo ninao mimi, huna wewe, — alisema Bezabih, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ikapata nguvu. — Nisikilize. Kabati halifunguliwi ila umezima. Ukishazima unatia kufuli, ufunguo wa kufuli unautia mfukoni mwako, si wa mwenzako, asije mjinga akawasha wakati mkono wako uko ndani. Halafu bado huamini. Unapima kwa testa, hata kama aliyezima ni wewe mwenyewe.

— Hata mimi mwenyewe sijiamini?

— Wewe hasa. Na kaunta ile ni kitu chepesi, inasikia kila mnong'ono. Waya ya jicho lake nimeivika wavu wa shaba, wavu nimeufunga kwenye ethi, waya ya ardhini. Sikuilaza pamoja na waya za mota, maana mota ikiwaka inapiga kelele ndani ya waya, na kaunta inadhani kelele ni pakiti. Nimebana kila skrubu. Nimefunika kila ncha. Usiku nalala nazihesabu zile waya moja moja, Redio. Hakuna niliyoisahau.

Alisema kwa uchungu. Kwa mtu kama Bezabih ufunguo ule haukuwa chuma. Wengine mtaani wana mashamba, wengine wana watoto. Yeye alikuwa na kabati ambalo kwa miaka kumi na tisa halijamuunguza mtu hata ukucha. Sasa fundi mwingine angetoka Addis Ababa kuja kulifungua, na yeye angesimama nyuma yake kama mtazamaji wa harusi.

— Kikulacho ki nguoni mwako, — alisema Musyo, kwa nia ya kufariji.

— Musyo, hiyo inahusiana na nini?

— Na chawa. Lakini inafaa popote.

Wakati huo lori lilisimama getini, na mwanamke mrefu aliyejifunga shali ya rangi ya machungwa akashuka, simu mkononi. Aliwasalimu wote, akasema anaitwa Hodan, amekuja na lori kutoka Jijiga kuchukua maboksi ya duka lake, na simu yake imekufa tangu njiani.

— Karibu, karibu! — Redio alisogea. — Mgeni njoo, mwenyeji apone! Yaani mgeni ndiye anayenunua duru inayofuata.

— Acha uongo, — alisema Tewabech. — Keti, dada. Umefika kwenye baraka.

Aliipandisha jebena jikoni kwa mara ya tatu, akageuza swichi. Chaka-chaka.

— Pungufu! — ikalia dirisha.

Hodan hakuketi. Alikuwa anatafuta mahali pa kuchajia, na macho yake yaliifuata ile waya ya jiko: ikitambaa chini ya benchi, ikipanda ukutani, ikiingia kwenye tundu lililozibwa kwa saruji.

— Samahani jamani, — aliuliza. — Umeme wa hili jiko mnautoa wapi?

Redio aliinama kuchungulia chini ya benchi. Miaka miwili alikunywa kahawa ya jiko lile na hakuwahi kujiuliza. Musyo aliitazama kofia yake. Tewabech alimtazama Bezabih, kisha akainama haraka kupanga vikombe vilivyokwisha kupangika.

Bezabih aliweka kikombe chini. Miaka miwili nyuma, msimu wa mvua, Tewabech alikohoa mpaka akashindwa kusimama, na daktari akasema ni moshi wa mkaa. Jumapili moja, kiwanda kitupu, Bezabih alitoboa ukuta. Aliunganisha waya mbili ndani ya kabati lake mwenyewe, bila breka ya kuukata umeme, bila ethi, akiambia roho yake kwamba wiki ijayo atarekebisha. Akamletea jiko. Hakusema ni kwa nini, naye hakuulizwa. Na wiki tatu zilizopita, alipokuwa akiitenga waya ya jicho mbali na kila waya yenye nguvu, aliilaza kwenye mfereji wa waya uliokuwa na nafasi. Mfereji ulikuwa mtupu, isipokuwa waya moja nyembamba ya kijivu, ile ya jiko, ambayo moyo wake ulikuwa umeshaacha kuiona.

Abol, tona, baraka: kila duru swichi, kila swichi cheche. Mara tatu asubuhi, mara tatu alasiri.

— Usiliguse! — alimwambia Tewabech, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. — Usiguse jiko. Ondoka hapo.

Aliingia kiwandani karibu anakimbia. Walisikia mkanda ukizimika, kisha kimya kirefu. Baada ya robo saa ile waya ya jiko ilitikisika ukutani, ikavutwa, ikapotea ndani ya tundu kama mkia wa panya. Mkanda ukaanza tena. Dirisha halikusema kitu. Boksi likafungwa, likafungwa jingine.

— Ishirini na nne! — alipiga kelele binti wa kupakia. — Ishirini na nne tena!

Bezabih alirudi na waya imekunjwa mkononi. Hakuwaangalia Redio na Musyo. Alichutama mbele ya Tewabech.

— Halina ethi, — alisema. — Jiko hili. Lingeweza kukuua siku yoyote. Mimi ndiye niliyekuletea.

— Najua halikuwa sawa, — alisema Tewabech polepole. — Lilikuwa linanipiga vidole. Mara nyingi.

— Miaka miwili? Na ukanyamaza?

— Ningesema, ungelichukua.

Redio alikohoa. Musyo alirudisha kofia kichwani. Bezabih alibaki palepale amechutama, mtu mzima, macho yanamlowa mbele za watu, na hakujali.

Baadaye aliinuka, akalitoa jiko la mkaa la zamani nyuma ya mapipa, akaliwasha mwenyewe. Alimwambia Tewabech akae upande usio na moshi, akashika upepeo. Jebena ilikuwa imepoa; baraka ingechelewa.

Kabla haijachemka, meneja, Ato Fekade, alikuja akikata uwanja, mkono umeshanyooshwa.

— Bezabih. Saa sita.

— Kaa, Ato Fekade, — alisema Tewabech.

— Sina muda, mama, nimekuja—

— Hakuna anayeondoka hapa kabla ya baraka.

Meneja ni meneja, lakini naye alizaliwa na mama aliyempikia buna. Akakaa. Mkaa ulishika taratibu, na kwa kuwa hapakuwa na lingine la kufanya, Bezabih alieleza yote huku akipepea: tundu, waya, mfereji, cheche, mabinti waliopekuliwa bure. Hakupunguza. Alipofika mwisho aliuvua ufunguo, akauweka kwenye sinia katikati ya vikombe.

Tewabech alimimina. Ato Fekade alikunywa nusu kikombe, akauliza:

— Sasa kaunta inasema kweli?

— Inasema kweli.

— Na wewe?

— Na mimi. Leo.

Ato Fekade alimaliza kahawa yake. Kwa kidole kimoja aliusukuma ufunguo, ukatambaa kwenye sinia, ukagonga kikombe cha Bezabih.

— Mabinti utawaomba radhi mwenyewe, pale getini, mbele ya wote. Na mama huyu mvutie waya yake kutoka kwenye mita, na breka yake, na ethi. Uandike kwenye daftari la kiwanda. Mambo ya kufichaficha, hapana.

Aliinuka, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Redio alishamkumbatia Musyo, Musyo akitafuta kofia yake iliyoangukia kwenye bisi. Tewabech aliinamisha jebena mpaka ikatoa tone la mwisho, na tone hilo akalitia kwenye kikombe cha mpepea mkaa.

— Nimefurahi sana, — alisema Hodan, bado amesimama. — Sasa simu yangu nichajie wapi?

Wote walitazama tundu la ukutani, ambalo sasa halikuwa na waya.