Wali wa Moto kwa Walio Hai

Mheshimiwa Mkurugenzi Kajiwara. Ndugu Isogai, mwongozaji wetu wa filamu. Waigizaji, mafundi wa taa na wa sauti. Ndugu wageni waalikwa. Nawe Tamotsu, mume wangu, uliyejibanza huko nyuma mlangoni kama mtu asiyealikwa: nawasalimuni nyote.

Nimechoka. Naomba nianze na hilo, maana Mheshimiwa ameniaga kwa maneno matamu, kisha papo hapo, mbele yenu, akaniomba nibaki na jiko la studio kwa filamu moja zaidi. Jamani, mnaniaga huku mmenishika upindo?

Ndugu zangu, nani amewahi kumsikia baba katika filamu zetu akimwambia bintiye kwamba anampenda? Hasemi. Anamsogezea bakuli la wali, anamwambia, "Kula kabla haujapoa." Basi mapenzi yote ya studio hii nimeyapika mimi, na nimeyapika upya kila Ndugu Isogai alipofoka, "Mvuke umeisha! Tunarudia!"

Mnakumbuka majira ya baridi yaliyopita, Chinami wetu, aliyeigiza binti, alipompakulia baba yake wali kwa kuchota mara moja tu, kama tunavyowapakulia wafu? Nilipiga kelele kutoka jikoni, "We mwanangu! Unamzika mzee na filamu haijafika hata katikati?" Mlicheka mpaka mkashika mbavu. Ndugu Isogai peke yake hakucheka, nami nikawasha jiko tena.

Jioni ile nilimsimulia Tamotsu, nikijua atacheka. Alikuwa anakula wali niliomwachia asubuhi, umefunikwa kwa sahani. Akaniambia, "Marehemu mama, pale kwenye madhabahu yetu ya nyumbani, kila asubuhi unampa wali unaofuka moshi. Mimi niliye hai napata kiporo. Heri mama, Nobue."

Nikajichekesha mimi. Lakini iliniuma, ndugu zangu, na inaniuma hadi leo.

Mheshimiwa, fadhila zenu sina cha kuzilipia. Mmenitunza na kuniheshimu miaka yote hii. Lakini jibu langu ni hapana. Filamu itapata mpishi mwingine. Kwa kunivumilia na kunisikiliza, asanteni sana. Karibuni mezani, mle mshibe, ila sisi wawili mtuwie radhi, hatukai.

Tamotsu, chukua koti lako, mzee wangu. Leo nakupikia wewe, na utakula nikiwa nimekaa mbele yako.