Penseli za Bi Sindano

Bi Sindano anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa kumi kamili jioni, baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Hayo niliyaandika wiki mbili zilizopita, nilipopewa kazi ya kutayarisha wasifu huu, na mpaka hapo sina cha kubadilisha. Yaliyofuata niliyachana mwenyewe. Mimi ni mtunza stoo wenu, si mwandishi, na tangu Alhamisi iliyopita bado sijakaa sawa, kwa hiyo mtanivumilia.

Bi Sindano hakuja hapa kushika sindano. Aliajiriwa kupokea simu. Meza yake ilikuwa karibu na ya fundi wa zamani, ambaye mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na siku moja fundi alipohangaika nusu saa na waya mmoja uliokataa kuingia mahali pake, binti wa simu alinyoosha mkono akauingiza huku akiendelea kumsikiliza mteja kwenye simu. Mwezi haukuisha, simu ikatafutiwa mtu mwingine.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu, naomba dakika moja. Dijei anapokwaruza santuri, huivuta mbele na nyuma kwa kiganja huku sindano ikiwa juu yake. Sindano iliyofungwa kwa ajili ya mtu anayesikiliza muziki wake sebuleni haitavumilia vurugu hiyo, itaruka kabla hujapepesa macho, na dijei ataaibika mbele ya watu. Kazi ya Bi Sindano ni kuhakikisha hairuki. Huifunga sindano kwenye kichwa chake, huunganisha nyaya nne nyembamba za rangi nne, husawazisha ule mkono wa mashine ya santuri unaobeba kichwa hicho mpaka uelee hewani wenyewe, kisha huzungusha uzito wa nyuma hadi sindano iikalie santuri kwa gramu tatu na nusu, au nne kwa dijei mwenye kiganja kizito. Kidude kinachouvuta mkono kwenda nje hukiweka sifuri, maana santuri inayokwenda na kurudi haitaki kuvutwa upande. Halafu hufanya jaribio lake: mia kwenda, mia kurudi, palepale. Sindano ikiruka hata mara moja, hufungua kila kitu na kuanza upya, hata kama mteja amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

Hakuna kilichomuudhi kama mtu kubandika kitu juu ya sindano ili iwe nzito. Alikuwa na kopo ambamo alitupia kila alichokibandua: vifungo vya mashati, betri za saa, nati, na pete moja ya ndoa. Pete hiyo ilikaa koponi mwaka mzima, kwa sababu mwenyewe aliona haya kuifuata. Mwishowe alikuja mkewe. Bi Sindano alimkabidhi pete ikiwa imefungwa kwenye karatasi pamoja na maelezo ya jinsi ya kurekebisha uzito wa nyuma, na mama yule alicheka mpaka akaomba kiti.

Sasa tuje kwenye penseli.

Kila mwezi Bi Sindano alichukua stoo penseli kumi na mbili. Wote mnajua. Alikuwa na tabia ya kuzing'ata, na mara nyingi ungemkuta ameinama juu ya mashine, penseli iko mdomoni, upande wa pili umegusa kitako cha ule mkono, macho ameyafumba. Tulimtania kwamba ni mchwa. Kila nilipomkabidhi zile kumi na mbili nilimuuliza kama nimletee na chumvi. Fundi wa spika alikuwa na nadharia yake kwamba aliwahi kuvuta sigara akaacha, na wengi wetu tuliiamini, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na sigara.

Alhamisi iliyopita nilimpelekea rasimu ya wasifu huu aikague tarehe na majina ya mashine, maana sikutaka kuchekwa. Katika ukurasa wa pili nilikuwa nimeandika, kwa mbwembwe zote, kwamba karakana hii haijapata kuwa na sikio kali kama la Bi Sindano. Jioni alinirudishia karatasi. Tarehe zote zilikuwa sawa. Ile sentensi ya sikio ilikuwa imekatwa mstari, na pembeni, kwa penseli, aliandika: "Futa hii. Sisikii tangu tuhamie jengo hili. Andika ukweli au usiandike kabisa."

Jengo hili tulihamia miaka kumi na miwili iliyopita.

Niliisoma tena nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa. Kisha nikapanda ngazi ya chuma hadi kwenye meza yake, nikamuuliza kama ni utani. Alinitazama mdomoni, kama alivyokuwa akinitazama siku zote, na mimi miaka yote hiyo nilidhani ni heshima. Alisema si utani. Vile vifupa vidogo vilivyo ndani ya sikio vilikuwa vimekakamaa, kama vya mama yake mzazi, vikaanza na sikio la kushoto vikamalizia la kulia. Nyumbani anavaa kifaa cha kumsaidia kusikia. Kila asubuhi alikivua kituo kimoja kabla ya kufika hapa, akakiweka kwenye mkoba, akaingia. Binti zake wawili walikuwa bado shuleni, baba yao alikuwa ameshafariki, na yeye aliona wazi kwamba siku tukijua, atamwaga unga. Alisema hivyo bila kunilaumu, na sikuweza kumwambia kwamba alikosea.

Na sindano je? Alitoa penseli mfukoni. Masikio yamefungwa, alisema, lakini meno bado yako wazi. Ukiing'ata ncha moja na nyingine ukaigusisha kwenye kitako cha mkono, santuri inakuja moja kwa moja kwenye fuvu. Sindano iliyokaa vizuri hunguruma mfululizo. Iliyolegea hugongagonga. Sauti ya kulia na ya kushoto alizilinganisha kwa kuangalia taa za mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Penseli mbichi ilimfaa siku mbili tatu, halafu mbao ikalainika kwa meno ikawa haipitishi kitu. Ndiyo maana kumi na mbili kila mwezi, na ndiyo maana alicheka kwa adabu kila nilipomuuliza kuhusu chumvi.

Mtauliza, kama nilivyojiuliza usiku kucha, tulikuwa wapi sisi wengine. Tulikuwa hapahapa. Katika karakana ambamo spika sita zinajaribiwa kwa wakati mmoja, hakuna anayesikia mwenzake. Wote tunaongea kwa mikono, tunagusana mabega, tunaandikiana kwenye vibao. Chakula ni vidole kwenye midomo, mkuu anakuja ni kidevu juu. Kiziwi akitaka kujificha asionekane, hapati mahali pazuri kuliko kwetu.

Lipo jambo moja ambalo ni langu peke yangu, na nimemwomba ruhusa ya kuliandika. Miaka saba iliyopita, siku nilipopata habari ya msiba wa mama yangu, mtu wa kwanza niliyemwendea alikuwa Bi Sindano. Alikuwa amenipa mgongo, ameinama. Nilisimama nyuma yake nikamwambia, mama amekwenda. Hakugeuka. Aliendelea kukaza skrubu. Nikaondoka, na nikamnunia nusu mwaka mzima. Kesho yake alipoliona tangazo ubaoni alikuja nyumbani mbio, akakaa na dada zangu siku tatu, na mimi moyoni nikasema anajikosha. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kujua nilimnunia kwa nini. Juzi nilipomweleza aliniomba nirudie maneno yale ya siku ile, nikiwa mbele yake safari hii. Nikarudia. Akanipa pole, baada ya miaka saba, na nilikuwa bado naihitaji.

Mkuu wa karakana alipoisoma rasimu mpya kijasho chembamba kilimtoka. Si mtu mbaya, na amekubali niandike haya. Alihofu kwamba madijei wakijua sindano zao zilifungwa na mtu asiyesikia, watarudisha mashine zote mlangoni. Akanitaka niiondoe sehemu hiyo, tumuage mama wa watu kwa maneno mazuri tu. Nilipompelekea Bi Sindano ujumbe huo, alifungua aproni yake, akaikunja, akaiweka mezani. Alisema amejificha miaka kumi na miwili kwa ajili ya watoto, na watoto sasa wana kazi zao. Hatajificha siku ya mwisho kwa ajili ya sherehe. Kama ukweli hausomwi Ijumaa, na yeye haji.

Basi mkuu akaamua ushahidi utafutwe. Tulimwita Kiwiko, dijei aliyeshinda mashindano mara tatu akitumia mashine zetu na mwenye mkono mbaya kuliko wote niliowaona, maana akipandwa na mori huikwaruza santuri hata kwa kiwiko. Hatukumwambia sababu. Mkuu alichukua vichwa kumi na viwili kutoka rafu ya kazi zilizokamilika, na Kiwiko akavijaribu kimoja kimoja, mia kwenda, mia kurudi, kisha akafanya vituko vyake. Kumi na kimoja havikuyumba. Cha kumi na mbili kiliruka mara tatu kabla hajafika ishirini. Tuliangalia kibandiko. Kilikuwa kimefungwa mwezi uliotangulia, Bi Sindano akiwa likizo, na sahihi ilikuwa ya mkuu mwenyewe, ambaye masikio yake ni mazima.

Hapo ndipo tulipomwambia Kiwiko. Alivua kofia. Macho yalimtoka pima, akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mwaka jana nilimwambia asante nikiwa nimeangalia pembeni," akaondoka akiwa hajakunywa hata chai yake. Ijumaa atakuwepo.

Kwa hiyo nimeandika. Bi Sindano anatuachia mashine zaidi ya elfu tisa zilizopita mikononi mwake, kopo lake la vifungo na nati, jaribio la mia kwenda mia kurudi ambalo kuanzia sasa limebandikwa ukutani, na aibu fulani ambayo sidhani itatutoka mapema. Tunamshukuru kwa kila sindano ambayo haikuruka. Tunawashukuru binti zake, waliotunza siri wakiwa wadogo kiasi cha kusahau wapi wameacha viatu. Na mimi namwomba radhi kwa utani wa chumvi, mara mia moja arobaini na nne kwa hesabu ya kadi yangu ya stoo.

Wasifu huu hautasomwa jukwaani. Umechapwa kwa herufi kubwa, na kila mtu ausome mwenyewe kimyakimya, ili asiwepo anayesikia zaidi ya mwenzake. Ndani ya kila nakala ipo penseli mpya. Nimetoa arobaini na tatu, na kwenye kadi, pale pa sababu, nimeandika "kusikilizia". Aliyemaliza kusoma asogee kwenye meza ya kazi ya Bi Sindano bila kelele. Spika zote zimezimwa. Juu ya meza iko mashine moja, sindano imefungwa na yeye, santuri inazunguka.

Bi Sindano, tunajua wewe utakuwa wa mwisho kumaliza, kwa sababu unakagua. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, wajukuu wanaoongea wakikutazama, na kile kifaa chako sikioni kuanzia unapoamka mpaka unapolala. Hatutakupigia makofi. Huenda mbao ya meza isitupatie kitu, sisi si mafundi kama wewe, lakini tumeng'ata penseli zetu, na ncha zake zimegusa meza yako.

Sasa inua macho.