Bi. Tak Geum-ok na Mashine Iliyovaa Koti

Tarehe 30 Juni, Bi. Tak Geum-ok atavua sare ya uuguzi baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya mapafu hapa Cheongju. Alianza kazi kliniki ikiwa na vyumba viwili na birika moja. Leo tuna ghorofa nzima, na sauti yake bado inafika kila kona bila kipaza sauti.

Wagonjwa wetu wa pumu wanajua kwamba hamwamini mtu anayesema hewa ya nyumbani kwake ni safi. Yeye huenda kujionea mwenyewe. Muuzaji mmoja alipokuja kutuambia kisafisha hewa chake kinaponya pumu, Bi. Tak alimmiminia chai. "Mwanangu," alisema, "hicho ni mfagiaji, si daktari. Kinasaidia, lakini dawa ya kuvuta haiachwi. Sema hivyo, utauza." Muuzaji alimaliza chai, akaondoka akiwa amesahau mkoba.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mama mkwe wangu. Mnivumilie, nina miezi miwili tu ya ndoa na neno "mkwe" bado ni tamu mdomoni.

Gyu-ho, ambaye sasa ni mume wangu mpenzi, alikuwa akimleta mama yake kliniki kila mwezi. Kila mara Bi. Tak aliwaweka mwisho wa foleni, ili Gyu-ho akae karibu na meza yangu ya mapokezi. Gyu-ho alidhani kliniki yetu ni ya polepole. Mimi nilidhani nina bahati.

Tulipopanga tarehe ya harusi, Mama Gyu-ho alilia. Kama mnavyojua, mama wa bwana harusi na wa bibi harusi hutembea pamoja hadi mbele kuwasha mishumaa. Katika harusi ya mwanawe mkubwa, kifua kilimbana mlangoni, na wifi yake akawasha badala yake. Wifi huyo hajaacha kusimulia.

"Safari hii nikishindwa siingii ukumbini," Mama Gyu-ho aliniambia. "Nitakaa garini na vazi langu la sherehe, hanbok yangu."

Nilimkimbilia Bi. Tak nikiwa na machozi. Siku iliyofuata tulikuwa sebuleni kwa Mama Gyu-ho. Kisafisha hewa alichonunuliwa na mwanawe kilisimama karibu na televisheni, kimefunikwa kitambaa kilichodariziwa, kimezimwa.

"Mbona hukiwashi, dada?" aliuliza Bi. Tak.

"Nakiwasha wageni wakija. Tena kina adabu mbaya. Nikichoma vibua tu, kinawasha taa nyekundu. Miaka yote nimepika, hakuna aliyewahi kunitukana hivyo jikoni kwangu."

Bi. Tak alifungua mgongo wa mashine. Chujio lilikuwa bado ndani ya plastiki ya dukani.

"Na hii je?"

"Nilidhani ni koti lake."

Bi. Tak aliketi sakafuni akacheka hadi akashika mbavu, na Mama Gyu-ho, baada ya kununa kidogo, akacheka pia mpaka akakohoa. Kisha kazi ikaanza. Plastiki ilitolewa. Mashine ilihamishiwa chumbani anakolala, mbali na ukuta, mlango ukiwa umefungwa, ikifanya kazi usiku na mchana. Wakati wa kuchoma samaki, feni ya kutoa moshi jikoni iwashwe. Dawa ya kuvuta iendelee kama daktari alivyosema. Na ile taa yenye matusi, Bi. Tak aliibandika plasta yenye maua.

"Sasa ikikutukana, hutaona," alisema.

Kidogo kidogo usingizi wa Mama Gyu-ho ulitulia. Hakupona pumu, lakini aliacha kuamka akitafuta pumzi.

Siku ya harusi alipita mlangoni akiwa amemshika mama yangu mkono, akawasha mshumaa wake kwa jaribio la kwanza. Mkono wa mama yangu ndio uliotetemeka. Mama Gyu-ho aliushika, akasema karibu kabisa na kipaza sauti, "Taratibu, dada. Pumzi ninayo ya kututosha sote wawili." Ukumbi mzima ulicheka. Wifi yake alikuwa na shughuli ya ghafla na mkoba wake. Bi. Tak, akiwa kiti cha nyuma, alifuta machozi akidai ni manukato ya watu.

Wiki iliyopita Mama Gyu-ho alimvamia jirani mwenye pumu, akamfungulia mashine bila kuombwa, akamkaripia kuhusu plastiki.

Asante, Bi. Tak, kwa vifua vyote ulivyovipigania, na kwa foleni ile ndefu. Tunakuombea siku njema na usingizi mrefu asubuhi. Nenda bila wasiwasi: umetuachia mrithi, na hana huruma.